Misokoto ya Nywele na Watu wa Msituni

Huenda wewe, au binti yako, mnafikiri kusokota nywele misokoto midogo midogo. Wazee wengine husema huo ni uhuni ulioletwa kutoka ng'ambo. Ngojeni kwanza.

Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, maelfu ya watu waliingia katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Kinyozi msituni atoke wapi? Nywele za kipilipili zisipochanwa hujisokota zenyewe: unywele uliong'oka haudondoki, hunaswa na wenzake, na fundo hugeuka kamba. Kanuni ni hiyo hiyo kwako. Ukichagua misokoto midogo, ujue kila mmoja umeshikwa na nywele chache; basi usiikaze mno penye mizizi, usije ukapata upara kwenye paji. Ioshe, kisha uikaushe kabisa.

Dedan Kimathi alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, alipigwa picha akiwa na misokoto yake. Wakoloni waliieneza kama picha ya mhalifu aliyeshindwa. Wajukuu huitundika ukutani.

Naye Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha jemadari mkuu katika Mau Mau, alitoka msituni baada ya uhuru wa Desemba 1963, lakini hakunyoa. Alizitunza nywele zile kwa karibu miaka 60, hata Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta alipozikata kwa mkono wake. Muthoni alifariki Septemba 2023.