Vigango: picha moja iliyothibitisha wizi

Kwa mkusanyaji wa sanaa, historia ya umiliki hupandisha bei. Kwa Wagiriama wa pwani ya Kenya, yaweza kumrudisha marehemu kwao. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili, nguzo za mbao alizowasimamishia ndugu zake waliofariki. Muda mfupi baadaye viliibwa. Kimoja kilionekana Illinois, Marekani, kingine Virginia. Picha ile ndiyo iliyokuwa ushahidi, na vyote vikarejeshwa. Mzee alikuwa ameshafariki. Vigango 30 ambavyo makumbusho ya Denver iliamua kuvirejesha mwaka 2014 havikuwa na bahati hiyo: Kenya ilijulikana, familia hazikujulikana.