Bukombe ilipohama folda

Mkoa wa Geita, Tanzania, ulipoundwa mwaka 2012, wilaya ya Chato ilitoka mkoa wa Kagera, Geita yenyewe ikatoka Mwanza, na Bukombe ikatoka Shinyanga. Kahama ikabaki Shinyanga. Mashamba ya pamba na mashimo ya dhahabu hayakusogea hata hatua moja, lakini takwimu zilizopangwa kimkoa kwenye kompyuta ilibidi zihame.

Chukua mfano wa mtu wa takwimu mwenye folda ya Shinyanga, ndani yake Bukombe na Kahama. Folda ya Bukombe ina programu ndogo inayosoma faili la mavuno. Kama humo aliandika njia kamili, C:\Takwimu\Shinyanga\Bukombe\pamba.csv, siku anayoihamishia Bukombe kwenye folda ya Geita programu inagoma, maana njia hiyo haipo tena. Kama aliandika pamba.csv tu, akafungua dirisha la amri ndani ya folda ileile na kuiendesha, inasoma kama kawaida. Hii ya pili ni njia inayohesabiwa kuanzia pale ulipo. Ulipo wewe, yaani folda uliyomo unapotoa amri. Watu wengi hudhani ni folda ilimo programu, na hapo ndipo wanapopotea.

Wazo hili ni la miaka ya 1960. Mfumo wa kompyuta wa Multics wa Marekani ulipanga mafaili katika folda ndani ya folda, ukatumia alama ya > kushuka na < kupanda ngazi moja. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza mfumo wa Unix mwaka 1969, toleo lao la kwanza halikuwa hata na njia za namna hiyo. Baadaye wakachagua mkwaju, /, nukta moja kwa folda uliyomo, na nukta mbili kwa folda iliyo juu yake. Sioni kama kuna aliyebuni kitu kifupi zaidi ya hicho tangu hapo.

Miaka hiyohiyo, mwaka 1974, Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta. Zilipokuja kwa wingi miaka mingi baadaye, nyingi zilikuwa za DOS na Windows, zenye mkwaju uliogeuzwa. DOS ya 1981 haikuwa na folda kabisa. Amri zake zilikuwa zimeshautumia mkwaju wa kawaida kutanguliza machaguo. Folda zilipoingia na DOS 2.0 mwaka 1983, mkwaju ulikuwa umeshikwa, ikabidi ugeuzwe: \. Macintosh za zamani zilitumia nukta pacha (:), mpaka Mac OS X ya 2001 ilipojengwa juu ya msingi wa Unix. Alama zikatofautiana, lakini nukta mbili za kupanda ngazi zilibaki zilezile kwenye DOS na Unix, na ndizo zinazomwokoa mtu anayefanyia kazi ofisini kwenye Windows na nyumbani kwenye Linux, inayofuata mtindo wa Unix. Windows nayo hupokea mkwaju wa kawaida sehemu nyingi, ingawa amri kadhaa za zamani bado huudhania kuwa mwanzo wa chaguo.

Turudi Bukombe. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Kahama miaka ya 1990, kwa hiyo anayetafuta takwimu zake za zamani lazima afungue za Kahama. Zamani ../Kahama ilitosha: panda ngazi moja, uingie kwa jirani. Baada ya 2012 njia hiyohiyo inatafuta Kahama ndani ya Geita, na haipo. Vinavyohama pamoja husalimika. Anayeachwa nyuma anahitaji njia mpya, nayo ni ../../Shinyanga/Kahama. Ukiipeleka kwenye Linux, angalia na herufi: kwa Windows, Kahama na kahama kwa kawaida ni folda moja, ila Linux huzihesabu mbili.