Tanga, upepo na dhoruba: kwa nini Ziwa Victoria hubadilika usiku

Tuliporusha mazungumzo kuhusu vijana wanaocheza majini kwa ubao wenye tanga kule Zanzibar, swali lililotufikia kutoka Busega lilikuwa moja: mbona sisi wenye ziwa hatuna mchezo huo? Mawimbi yapo, upepo upo. Jibu liko kwenye aina ya upepo, na linamhusu zaidi mvuvi kuliko mchezaji.

Mchezo wenyewe

Mchezaji husimama juu ya ubao uliofungwa mlingoti na tanga. Hakuna usukani. Mlingoti umeunganishwa kwa kiungo kinachopinda kila upande, hivyo akiulaza mbele ubao hugeukia unakoelekea upepo, akiulaza nyuma hugeukia unakotoka. Tangu mwaka 1984, Los Angeles, ni mchezo wa Olimpiki.

Kwetu Tanzania makao yake ni pwani, hasa Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja. Huko kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Februari au Machi, na kusi hukaza kati ya Juni na Septemba. Ni pepo za msimu: zikianza hudumu kwa saa nyingi bila kugeuka ghafla.

Agosti moja tulishinda Paje na marafiki, kusi ikiwa kali na mawimbi yakipasuka meupe kwenye mwamba wa matumbawe. Kila aliyeanguka alishika ubao wake, akapumua, akapanda tena. Tulicheka hadi jioni. Siku ile ilikuwa tamu kwa sababu mbili: upepo haukubadili mwelekeo, na ulikuwa ukitusukuma kurudi ufukweni.

Ziwa letu lina tabia nyingine

Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 hivi tu. Mawimbi yake ni mafupi, yamesimama wima na hufuatana upesi, kwa hiyo mtumbwi haupati nafasi ya kuinuka kabla ya wimbi la pili kuingia. Simiyu tunaligusa ziwa kupitia Wilaya ya Busega, kwenye Ghuba ya Speke.

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na upepo hutoka ziwani kuja kwetu. Ndiyo maana mawingu ya mvua hukusanyika nchi kavu saa za alasiri.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na uvuguvugu. Upepo sasa hutoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa. Hewa yenye unyevu husukumwa juu na kuwa mawingu mazito ya radi, hasa kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Mvua ikishuka huburuta hewa ya baridi, ambayo ikifika majini hutawanyika kwa kasi. Kwa dakika chache upepo mwanana huwa dhoruba, tena kutoka upande usioutarajia.

Saa hizo ndizo mvuvi wa dagaa yuko ziwani na taa zake. Anafuata giza, na dhoruba nayo inafuata giza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukiongozwa na Wim Thiery, ulionesha kwamba kadiri dunia inavyozidi kupata joto, mvua kali zitaongezeka zaidi juu ya ziwa hili kuliko kwenye nchi kavu inayolizunguka.

Mambo ya kuzingatia

• Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kabla ya kuondoka mwaloni, si asubuhi peke yake.

• Hesabu sekunde kati ya radi kumulika na kunguruma. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi. Rudi. Ukiwa ufukweni, subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

• Upepo wa ghafla wenye ubaridi, wingu jeusi likiwa mbele yako, ni dalili kwamba dhoruba imefika.

• Vaa jaketi okozi tangu mwaloni. Mawimbi yakishaanza, mikono yako itakuwa na kazi nyingine.

• Mtumbwi ukipinduka, ung'ang'anie kama mchezaji anavyoshika ubao wake. Mtumbwi wa mbao huelea hata ukijaa maji, na waokoaji huuona kirahisi kuliko kichwa cha mtu. Taa za ufukweni huonekana karibu kuliko zilivyo, na wengi huishiwa nguvu wakijaribu kuzifikia kwa kuogelea.

Kwa wenzetu wa Nyashimo, Lamadi na mialo yote ya Busega: tukitangaza tahadhari ya upepo mkali jioni, mpigie simu aliyekwisha kutweka tanga au kuwasha injini, kabla hajafika mahali mtandao unapokatika.