Nzuguni: tarehe iliyogeuka mahali

Dodoma ina vituo viwili vya daladala vyenye majina ya tarehe. Anayekwenda sokoni mjini hushuka Sabasaba. Anayekwenda mashariki, Nzuguni, kandokando ya barabara kuu ya Morogoro, husema tu: "Nanenane." Ukiyafuata majina hayo mawili utaona jinsi siku chache za mwaka zinavyoweza kushika ardhi ya mji kwa vizazi.

Sabasaba ndiyo iliyotangulia. Chama cha TANU kilizaliwa Julai 7, 1954, na baada ya uhuru siku hiyo ikawa pia sikukuu ya wakulima. Miaka ya 1990, nchi ilipoingia kwenye vyama vingi, wakulima walipewa Agosti 8, yaani Nanenane, na Sabasaba ikabaki kwa wafanyabiashara. Kanda zikajiwekea viwanja vya maonesho ya Nanenane: John Mwakangale jijini Mbeya, Themi kule Arusha, Ngongo mkoani Lindi. Kanda ya Kati, yaani Dodoma na Singida, ikawa inakutana Nzuguni. Viwanja hivyo leo vinaitwa kwa jina la John Samuel Malecela, mwana wa Dodoma aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1990 hadi 1994.

Nzuguni ya siku hizo ilikuwa pembezoni. Dodoma ilikwisha kutangazwa makao makuu tangu 1973, na CDA, mamlaka ya ustawishaji wa makao makuu, ilikuwa na mpango wa mji wa 1976, lakini wizara nyingi zilikuwa bado Dar es Salaam. Maonesho ya kilimo yanahitaji nafasi ya mabanda, mazizi ya mifugo na vipando, na nafasi hiyo ilipatikana nje ya mji. Mwaka baada ya mwaka, halmashauri na taasisi zikajenga mabanda ya kudumu.

Kisha mji ukaufuata uwanja. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma. CDA ikavunjwa 2017, na 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956, na ya 2022 ikahesabu 765,179. Stendi kuu ya mabasi na soko kuu la Job Ndugai vikajengwa Nzuguni. Agosti 1, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua safari za treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Wiki moja baadaye alikuwa Nzuguni kuhitimisha Nanenane ya kitaifa.

Thamani ya ardhi hiyo sasa iko wazi kwa kila mtu, na mpita njia anaweza kuuliza kwa nini eneo lote hilo litengwe kwa ajili ya siku nane za maonesho. Swali hilo lina kosa ndani yake. Mvua za Dodoma huanza Desemba na kukoma Aprili. Agosti mashamba ya mtama na uwele yamekwisha kuvunwa, nchi ni kavu, upepo unapeperusha vumbi. Kipando kinachomkuta mgeni kikiwa kibichi siku ya Nanenane kilipandwa wiki nyingi kabla, kikapaliliwa na kumwagiliwa wakati hakuna anayekitazama. Uwanja unaodhaniwa umelala huwa kazini.

Na hapo ndipo lilipo somo kubwa la Nzuguni. Mkulima wa Bahi au Kongwa akisimama mbele ya mboga zilizostawi katikati ya kiangazi, haambiwi kwa maneno kwamba ardhi ya Ugogo inaweza kuzaa ikipata maji. Anaiona ni ileile ardhi yake. Somo hilo halifundishiki ukumbini, wala juu ya sakafu ya zege.

Wapangaji wa jiji wakumbuke hilo kila wanapofungua ramani. Stendi ina haki yake, soko lina haki yake, nyumba za watu pia. Lakini vipando vikimegwa kidogo kidogo, Nanenane itabaki kuwa jina la kituo cha daladala tu, kama Sabasaba ya mjini.