Swichi ya dima

Swichi ya dima (pia: swichi ya kupunguza mwanga) ni swichi ya umeme inayomwezesha mtumiaji kuongeza au kupunguza mwanga wa taa badala ya kuiwasha na kuizima tu. Hutumika sebuleni, vyumba vya kulala, hotelini na kumbini, mara nyingi pamoja na taa za ukutani.

Utendaji

Umeme wa gridi nchini Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50. Dima hukata sehemu ya kila nusu ya wimbi la umeme, yaani mara 100 kwa sekunde, hivyo balbu hupata nishati kidogo zaidi. Dima za zamani hukata mwanzo wa nusu-wimbi. Aina nyingine hukata mwisho wake, na kwa kawaida hizo hupatana vizuri zaidi na balbu za LED.

Uchaguzi wa balbu

* Balbu za waya na za halojeni hufanya kazi na dima nyingi. Mwanga ukipunguzwa hugeuka kuwa wa njano zaidi.
* Balbu za LED zinafaa ikiwa tu boksi limeandikwa kwamba zinakubali dima. Zisizokubali huweza kumetameta, kutoa mvumo au kuharibika mapema.
* Balbu za energy saver nyingi hazifai.

Taa ya ukutani yenye LED iliyojengewa ndani haina balbu ya kubadilisha, kwa hiyo taa yenyewe ndiyo inayotakiwa kukubali dima. Kwa taa zenye balbu, ni lazima kuangalia pia kama kishikio ni cha pini au cha skrubu.

Mzigo wa dima

Kila dima ina kiwango cha chini na cha juu cha wati. Kwa mfano, taa nne za ukutani zenye LED za wati 5 zina jumla ya wati 20. Zikifungwa kwenye dima inayohitaji angalau wati 40, zinaweza kumetameta hata kama balbu zote zinakubali dima.

Njombe na Makambako

Mji wa Makambako, mkoani Njombe, una kituo cha kupozea umeme. Kutoka hapo njia ya kilovolti 220 inaelekea Songea kupitia Madaba. Ilikamilika mwaka 2018. Kabla ya hapo Songea ilitegemea jenereta za dizeli.

Nyumba iliyo mbali na transfoma huweza kupata volti pungufu saa za jioni, watu wengi wanapotumia umeme kwa pamoja. Dima haiwezi kurekebisha hali hiyo, kwa kuwa inapunguza tu umeme unaofika. Wanaotumia inveta umeme unapokatika wanahitaji inveta yenye wimbi laini, kwani nyingine huvuruga dima.

Usalama

Dima ikishushwa hadi mwisho, umeme unaweza kubaki kwenye kishikio cha balbu. Kwa sababu hiyo, swichi kuu huzimwa kabla ya kubadilisha balbu. Dima ya taa haitumiki kwa feni wala soketi. Kazi ya kuifunga ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Tazama pia

* Balbu
* TANESCO
* Mkoa wa Njombe