Sumu ya Mishale Iliyoingia Wodini

Msunguti si mti wa kumtisha asiyeujua. Majani yake ni mazito na ya kijani, maua yake meupe yana harufu nzuri. Lakini katika nyika iliyo nyuma ya Malindi na Mombasa, na katika vilima vya Ukambani, mafundi wa sumu wameukata kwa vizazi vingi. Magome, mizizi na vipande vya shina vilichemshwa saa nyingi, maji yakachujwa na kuchemshwa tena hadi ukabaki utomvu mweusi unaonata. Utomvu huo ulipakwa kwenye mshale chini ya chembe, kisha ukavingirishiwa ngozi laini ili usikauke na usimdhuru mwenye podo. Wagiriama walisifika kwa kuutengeneza na kuwauzia majirani. Waata wa nyika ya Tsavo, wenye pinde ngumu kuzivuta, waliangusha tembo kwa mishale iliyopakwa sumu ya namna hii.

Fundi hakuitoa sumu bila kuijaribu. Njia moja iliyoandikwa na walioishuhudia ni hii: anajichanja kidogo, damu inatiririka, naye anaigusisha sumu mwisho wa mchirizi, mbali na jeraha. Damu hugeuka nyeusi, na weusi huo hupanda kuelekea kwenye jeraha. Ukipanda haraka, sumu ni kali; ukisuasua, imechakaa. Mchirizi hupanguswa kabla weusi haujafika kwenye kidonda.

Sumu hiyo huua kwa kuusimamisha moyo. Hata hivyo nyama ya mnyama aliyechomwa mshale ililiwa, baada ya kukatwa sehemu iliyozunguka jeraha, kwa sababu sumu yenyewe hupenya kutoka tumboni kwa shida sana. Wawindaji walilijua jambo hilo zamani. Madaktari wa Ulaya walichukua miaka mingi kulitumia.

Aliyewafikishia habari za sumu za namna hii alikuwa John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi, kati ya 1858 na 1864. Kusini zaidi, katika bonde la mto Shire, Malawi ya leo, watu walitumia sumu iitwayo kombe, inayotokana na mbegu za mmea mwingine wa ukoo huohuo. Kirk aliweka sampuli pamoja na vitu vyake, mswaki wake ukapata chembechembe. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mkali mdomoni, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika. Ni Kirk huyuhuyu aliyekuja kuwa konsuli wa Uingereza Zanzibar, aliyembana Sultani Barghash hadi soko la watumwa likafungwa mwaka 1873.

Kombe lilipelekwa Edinburgh, kwa daktari Thomas Fraser. Alithibitisha kwamba linashika misuli ya moyo moja kwa moja, akalipata kiini chake, strofanthini, na mwaka 1885 akatangaza matumizi yake kwa wagonjwa. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alikitenga kiini cha mti wa jamii ya msunguti kutoka nchi ya Wasomali, kikaitwa ouabaini kutokana na jina la Kisomali la sumu hiyo. Dawa zilizotokana na mimea hii zikaingia madukani Ulaya. Wagonjwa wakanywa matone yake, na matokeo hayakutabirika: huyu apate nafuu, yule asihisi lolote. Tumbo la mgonjwa lilikuwa likifanya yaleyale liliyoyafanya kwa mla nyama ya mawindo. Ilipofika 1906, daktari Albert Fraenkel alianza kuidunga strofanthini kwenye mshipa. Wagonjwa waliokuwa wakihangaika kuvuta pumzi walipata nafuu upesi.

Lakini mshipa hausamehe kosa la kipimo, na hapo ndipo historia ya dawa hizi inapokuwa historia ya usalama.

Tatizo hilo lilikuwa limekwisha kuelezwa Uingereza zaidi ya miaka 100 kabla. William Withering, daktari wa Birmingham, aliombwa mwaka 1775 kutoa maoni kuhusu dawa ya kienyeji ya kuvimba mwili, iliyofichwa na bibi mmoja wa Shropshire. Ilikuwa na mitishamba 20 au zaidi. Withering alitambua kwamba mmoja tu ndio uliofanya kazi, mmea wenye maua ya zambarau uitwao digitalisi. Alijaribu kwa miaka 10, na mwaka 1785 akatoa kitabu chenye habari za wagonjwa 163, waliopona na walioshindikana, wakiwamo wale ambao dawa iliwadhuru. Aliorodhesha dalili za kuzidisha: kutapika, kizunguzungu, kuona vitu kwa rangi ya njano au kijani, mapigo kushuka hadi 35 kwa dakika, degedege, kifo. Akaagiza dawa isimamishwe mara dalili ya kwanza inapojitokeza. Hapa Withering anastahili heshima kuliko anayopewa. Wengi humtaja kwa kugundua dawa. Kazi yake kubwa zaidi ilikuwa kuandika wazi namna inavyoua.

Kwa nini dozi na sumu zikaribiane hivyo? Kila chembe ya mwili ina pampu inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Jens Christian Skou wa Denmark aliitambua mwaka 1957, akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997. Digitalisi, strofanthini na ouabaini zote huiziba pampu hiyo. Ikizibwa kidogo, kalsiamu hujaa kwenye misuli ya moyo na moyo husukuma kwa nguvu zaidi. Ikizibwa mno, mapigo huvurugika. Nguvu inayotibu na inayoua ni moja. Kinachotofautisha ni kiasi. Tena potasiamu ikishuka mwilini, kama inavyotokea kwa anayetumia vidonge vya kupunguza maji, kiasi kilekile cha jana huweza kumdhuru mgonjwa leo.

Digoksini, iliyotengwa mwaka 1930 kutoka ndugu mmoja wa digitalisi, ndiyo iliyoenea duniani. Kipimo cha kuaminika cha kiasi chake katika damu kilipatikana mwaka 1969. Mwaka 1976 ilitangazwa dawa ya kwanza ya kuitegua: mtu aliyekuwa amemeza miligramu 22.5 aliokolewa kwa vipande vya kingamwili.

Swali kubwa lilisubiri hadi 1997. Utafiti uliowahusisha wagonjwa 6,800 wa Marekani na Kanada ulionyesha kwamba digoksini haipunguzi vifo, ila hupunguza kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa, kwa asilimia 28. Takwimu hizohizo zilipochambuliwa upya, wanawake waliopewa digoksini walionekana kufa zaidi ya wale wasiopewa. Kwa wanaume, waliokuwa na kiasi kidogo katika damu walifanya vizuri, na waliokuwa na kingi walikufa zaidi. Kwa muda mrefu dozi za kawaida zilikuwa zimepindukia.

Nguvu peke yake ilikuwa imekwisha kuwadanganya madaktari kabla ya hapo. Vidonge vya milrinoni viliuongezea moyo msukumo, lakini utafiti wa 1991 ukaonyesha vinaongeza vifo kwa asilimia 28. Dawa zilizokuja kuokoa maisha, kama enalaprili, spironolaktoni na vizuizi vya beta, hazikuuchapa moyo mjeledi, ziliupunguzia mzigo.

Hadithi ya mimea haikuishia hapo. Agosti 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa digitoksini, ndugu wa karibu wa digoksini, kwa wagonjwa 1,212 ambao wengi walikuwa tayari wakitumia dawa nyingine. Waliokufa au kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa walikuwa asilimia 39.5 kwa waliopewa digitoksini, na 44.1 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Dozi zilikuwa ndogo, zikirekebishwa kwa kupima damu. Bado madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi upande wa dawa: asilimia 4.7 dhidi ya 2.8. Digitoksini ina faida moja juu ya digoksini: haitegemei figo peke yake kutoka mwilini, hivyo haijikusanyi upesi figo zinapodhoofika.

Wagonjwa hao walitoka Ujerumani, Austria na Serbia, na umri wao wa wastani ulikuwa miaka 66. Katika utafiti wa THESUS-HF, uliofuatilia Waafrika 1,006 wa nchi tisa, Kenya na Uganda zikiwamo, na kuchapishwa 2012, wastani ulikuwa miaka 52. Kisababishi kikuu hakikuwa mishipa ya moyo kuziba kama Ulaya, bali shinikizo la damu, lililohusika kwa asilimia 45. Ni watu wa umri wa kulea na kusomesha. Wengi wao hutibiwa mahali ambapo kupima potasiamu ni gharama, na kupima digoksini katika damu hakupatikani. Muuguzi anayetoa kidonge cha digoksini hushika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima; yakiwa chini ya 60, hakitoi hadi daktari aseme. Dozi iliyo salama kwa mgonjwa huyo imekokotolewa kutokana na miili ya watu wengine, wenye umri mwingine na ugonjwa wenye chanzo kingine, na utafiti wa digoksini wa ukubwa ule wa wagonjwa 6,800 haujafanywa katika nchi ambazo misunguti inaota.