Ziwa Magadi na Swali la Uhai Nje ya Dunia

Katika soko la Kitengela magadi huuzwa kwa vipande. Mpishi huvunja kipande kidogo akakitia kwenye sufuria ya maharagwe ili yaive upesi, na wazee wa Kimaasai huyachanganya na tumbaku kupata ugoro. Mnamo Januari 2025 madini hayo hayo, ambayo wanajiolojia huyaita trona, yaliripotiwa katika jarida la Nature, safari hii yakiwa yametoka kwenye asteroidi iitwayo Bennu. Chombo cha NASA, OSIRIS-REx, kilikuwa kimeangusha duniani gramu 121.6 za vumbi na changarawe za Bennu tarehe 24 Septemba 2023. Ndani yake watafiti walikuta chumvi zilizoachwa na maji yaliyokauka zamani sana, mfumo wa jua ungali mchanga. Walikuta pia asidi amino 14 kati ya 20 zinazojenga protini za viumbe wa duniani, na besi zote tano za DNA na RNA.

Kwa hiyo mjadala wa uhai kwenye sayari nyingine una sehemu yake Kajiado, kaunti ya Kenya lilipo Ziwa Magadi. Tatizo ni kwamba Ziwa Magadi huletwa katika mjadala huo kwa hoja dhaifu, na hoja yake yenye nguvu huachwa.

Hoja dhaifu ni ile ya uvumilivu: ikiwa viumbe wanaishi Magadi, basi wanaweza kuishi popote. Ni rahisi kuona inakotoka. Ziwa hilo liko sakafuni mwa Bonde la Ufa, mahali ambapo jua hukausha maji mengi kuliko yanayoletwa na mvua. Chemchemi za moto, baadhi zikizidi nyuzi 80 za Selsiasi, humwaga humo maji yenye sodiamu na kaboneti, na yakikauka huacha tabaka la magadi ambalo kwingine lina unene wa makumi ya mita. Ni tabaka hilo lililoleta kampuni ya uchimbaji mwaka 1911, na baada yake reli ya kutoka Konza inayopita mji wa Kajiado. Kipimo cha pH cha maji yake hufika 10 na kuzidi. Hata hivyo ziwa hugeuka waridi kwa wingi wa arkea, vijiumbe wapendao chumvi. Mmoja wao, Natronobacterium gregoryi, alielezwa kisayansi mwaka 1984, na mwaka 2016 Anne Kelly Kambura, Hamadi Iddi Boga na wenzao walichapisha utafiti uliofichua aina nyingi za bakteria na arkea katika chemchemi za moto za Magadi na za Magadi Ndogo.

Na kuna samaki. Alcolapia grahami, jamaa mdogo wa tilapia, huogelea kandokando ya chemchemi katika maji yenye joto la nyuzi 40 hivi. Samaki wengi hutoa taka ya naitrojeni ikiwa amonia, kupitia mashavu. Katika maji makali ya Magadi njia hiyo imeziba, hivyo huyu huigeuza taka yake kuwa urea, kama afanyavyo binadamu.

Lakini samaki huyo hakuanzia humo. Miaka 10,000 hivi iliyopita bonde hilo lilikuwa na ziwa kubwa lenye maji matamu zaidi. Lilipopungua na maji kuwa makali, vizazi vya samaki vilibadilika pamoja nalo. Vijiumbe nao wana ukoo mmoja na viumbe wengine wote wa dunia hii. Kuvumilia ni jambo moja, kuanza ni jambo jingine kabisa. Magadi inaonyesha kwamba kama uhai ulianza Mirihi wakati ilipokuwa na mito na maziwa, ungeweza kujishikiza kwa muda maji yalipokauka. Kama ulianza kweli, samaki hawezi kutuambia.

Hoja yenye uzito iko katika kemia ya maji yenyewe. Uhai wote tunaoujua unahitaji fosfati, katika DNA na katika utando wa seli, lakini kwa kawaida kalsiamu huinasa na kuifungia ndani ya mawe. Mwaka 2020 Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha kwamba katika maziwa yenye kaboneti nyingi, Magadi likiwa mojawapo, kaboneti huiwahi kalsiamu na fosfati hubaki huru majini. Miaka mitatu baadaye, takwimu za chombo Cassini zilifichua fosfati katika chembe za barafu zinazorushwa na Enceladus, mwezi wa Zohali wenye bahari ya alkali chini ya barafu yake. Maji ya jamii ya Magadi, basi, yalikuwepo kwenye gimba lililozaa Bennu, na yako Enceladus hadi leo. Hilo linatosha kuufanya utafutaji uwe kazi ya maana.

Halitoshi kutangaza ushindi. Asidi amino za Bennu zilikutwa za mkono wa kushoto na wa kulia karibu sawa, ilhali viumbe hutumia za kushoto. Viungo vilikuwepo, hakuna ushahidi kwamba viliwahi kuwa kiumbe.

Hapo ndipo Kajiado ina somo lisilopewa nafasi yake. Kando ya ziwa kuna mwamba mgumu wa silika uitwao cherti ya Magadi. Mwaka 1967 Hans Eugster aliueleza kuwa zao la kemia tupu, uliotokana na madini aliyoyapa jina la magadiiti. Zaidi ya miaka 30 baadaye, Hans-Jürgen Behr na Carsten Röhricht walidai kwamba sehemu kubwa yake ni mabaki ya sainobakteria. Mwamba huo unafikika kwa gari kutoka Nairobi, hukatwa na kuwekwa chini ya hadubini, na bado wataalamu wamegawanyika kama uliumbwa na viumbe au la.

Septemba 2025 ubishi wa aina hiyo ulifika Mirihi. Watafiti wa kigari Perseverance waliripoti kwamba jiwe lililopewa jina la Cheyava Falls lina madoa ya vivianiti na greigiti, ambayo huenda yalitokana na vijiumbe na huenda yalitokana na kemia isiyo na uhai. Kipande chake kimo ndani ya kigari huko huko, na hakuna safari iliyothibitishwa ya kukileta. Vyuo vikuu vya Kenya havina haja ya kukisubiri. Vigezo vya kutenganisha jiwe la kemia na jiwe la viumbe vinaweza kujaribiwa sasa kwenye cherti ya Magadi, na kigezo kitakachoshindwa kuamua kesi ya Kajiado hakistahili kuaminiwa kwa kesi ya Mirihi.